Nani Asiyekula Karanga?

Mlionikosa wiki iliyopita hamkukosa jambo la kujivunia. Mimi ni yule msichana aliyefukuzwa kazi mbili ndani ya mwezi mmoja.

Ya kwanza ilikuwa saluni, ambako nilimwosha mteja nywele kwa dawa ya kusafishia sinki, kwa sababu niliona aibu kuuliza chupa ipi ni ipi. Ya pili ilikuwa nyumbani kwa watu. Baba mwenye nyumba alivaa shati ndani nje, nikaona aibu kumwambia. Akaenda nalo kwenye kikao, akarudi nalo. Jioni hiyo begi langu lilikuwa uani.

Aibu ndiyo ugonjwa wangu. Wengine wana malaria.

Niliishia pale nilipopokelewa na Mama Masufuria, mwanamke anayepikia sherehe za watu. Ana masufuria ya kumwogeshea ng'ombe, na sauti ya kuyajaza yote. Alinipa majaribio ya harusi moja tu.

"Ikipita salama, unabaki na nakukabidhi jiko la pili," alisema. "Isipopita, usijisumbue kuja kuaga."

Leo naungama nilichokifanya kwenye harusi hiyo. Msome mkiwa mmeshashiba.

Bibi harusi alikuwa muuguzi wa wodi ya kisukari. Wenzake wakiolewa wanawaza gauni. Yeye aliwaza matumbo ya wageni. Alikuja jikoni kwetu na daftari lenye majina themanini na namba za simu, akaliweka juu ya gunia la viazi.

"Sitaki mgeni wangu hata mmoja aanguke," alisema. "Mwenye kisukari apikiwe chake. Mwenye presha apikiwe chake. Asiyekula nyama, asiyetumia maziwa, mwenye vidonda vya tumbo, kila mtu chake. Wote wapigiwe simu waulizwe."

"Hilo dogo," alisema Mama Masufuria, ambaye madogo hafanyi yeye. "Huyu binti atapiga."

Huyu binti ni mimi.

Nilitaka kusema siwezi. Lakini kusema siwezi nako ni kusema.

Nikachukua simu ya kazini, nikaingia stoo, nikajifungia, nikakaa juu ya ndoo ya mafuta iliyopinduliwa.

Wa kwanza alikuwa mjomba wa bibi harusi, dereva mstaafu.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Nani?"

"Ni... nilitaka kujua usichokula."

"Nisichokula? Sijala tangu asubuhi! Umepiga kunicheka?"

Akakata.

Wa pili alikuwa mama mmoja, jirani yao wa zamani.

"Binti, una nia gani na tumbo langu?"

"Sina nia yoyote, mama."

"Basi liache lilivyo."

Akakata naye.

Ya tatu ilikuwa namba ya shangazi wa bwana harusi. Iliita mpaka nikaanza kufurahi. Halafu ikapokelewa na mwanamume. Sauti ya chini, ya taratibu, kama ya mtu aliyekaa karibu na mtoto aliyelala.

"Shangazi yuko nje anaanika nguo. Nani mwenzangu?"

"Ni chakula," nilisema. "Cha harusi. Naulizia nani hali nini."

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake.

"Dada yangu, umeletwa na Mungu. Nisikilize. Karanga zisiwepo kabisa. Mimi nikila hata chembe, koo linaziba. Miaka mitatu iliyopita wenzangu wa kazini walinikimbiza hospitali uso umevimba kama mto wa kulalia. Daktari akaniambia nikirudia, nisipoteze nauli kwenda kwake, sitafika."

"Pole," nilisema.

"Na tafadhali, usiseme nimesema mimi. Hapa hawajui, na huko ndiyo kabisa wasijue. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Hapo mtu mwenye akili zake angeuliza: wewe ni nani? Swali lilikuwa tayari mdomoni, nimeshalionja. Badala yake nikasema, "Asante kwa kutuchagua, karibu tena," nikakata simu.

Nilikaa nikaitazama ile simu. Nimpigie tena? Nianzie wapi kumwuliza mtu jina lake wakati nimeshamwambia karibu tena?

Nimewahi kutunza siri nyingi, lakini ile niliitunza kuliko zote. Sikujua ni ya nani.

Sasa njooni kwenye dhambi yenyewe.

Simu ya nne sikupiga. Wala ya tano. Majina sabini na saba yaliyobaki niliyajaza kutoka kichwani mwangu, nikiwa nimekaa palepale juu ya ndoo.

Mashangazi wote niliwapa presha. Kila shangazi niliyewahi kumjua ama alikuwa nayo, ama alikuwa anawapa wengine. Wazee niliwagawia kisukari. Vijana wa ofisini walipata vidonda vya tumbo, maana nilisikia huko ofisini kuna mawazo mengi. Mtu aliyeandikwa "mwalimu wa kwaya" nilimnyima maziwa ili kulinda sauti. Wasichana watatu waliofuatana niliwaondolea nyama kwa mkupuo, mkono ulikuwa umeshazoea.

Wengine niliwaacha wazima. Orodha ya wagonjwa watupu haiaminiki.

Nusu saa tu, nikawa nimeambukiza watu wengi kuliko mbu wa msimu mzima.

Bibi harusi alilisoma daftari akiwa amesimama, mkono kifuani.

"Dada, umefanya kazi kubwa. Hata mimi sikujua kama mjomba wangu ana kisukari!"

Hata mjomba wako hajui, nilimjibu. Moyoni.

Siku nne kabla ya harusi, familia mbili zilikuja jikoni kwetu kuonja.

Upande wa bibi harusi alikuja mama yake. Tumwite Mama Siagi, kama anavyoitwa na wateja wake, kwa sababu anasaga karanga na kuuza siagi yake kwenye makopo. Mikono yake inanukia karanga hata akitoka kuoga. Upande wa bwana harusi alikuja yule shangazi wa simu. Bwana harusi mwenyewe ni fundi saa. Hakuja siku hiyo. Alikuwa kwa fundi nguo, suruali ya suti ilikuwa imemkataa kiunoni.

Bibi harusi akaanza kusoma daftari kwa sauti. Nikajibanza nyuma ya friji.

"Shangazi, presha. Asiwekewe chumvi."

"Nani, mimi?" Shangazi aliweka kijiko chini. "Nani kasema nina presha?"

"Binti alipiga simu."

Wote wakaligeukia friji. Nikachomoza kichwa.

"Shangazi ulikuwa nje unaanika nguo," nilisema. "Aliyepokea ndiye... ndiye aliyenieleza."

"Aliyepokea ni nani?"

Ndilo swali langu hilo! "Hata mimi nilitaka nikuulize, shangazi. Siku ile nani alishika simu yako?"

"Mwanangu, nyumba yangu wiki ile ilikuwa kama stendi. Wapwa saba, mafundi bomba wawili, na mtu aliyekuja kununua meza akakaa siku mbili. Simu yangu inashikwa na kila mwenye mikono." Akatafakari kidogo. "Kwa hiyo wananiona nina presha? Wananionea huruma? Basi ninayo. Endelea kusoma."

Bibi harusi aliendelea, na alipofika mwisho akaeleza utaratibu. Wazima watapanga foleni kwenye meza ya chakula. Wenye mahitaji maalumu wataletewa sahani zao mezani, zimefunikwa, zimefungwa utepe wa rangi kulingana na tatizo.

Mama Siagi aliinua kidole.

"Ngoja. Kwao umesoma wagonjwa ishirini na sita. Kwetu kumi na tisa. Kwa nini?"

"Mama, ni ugonjwa. Si zawadi."

"Wataletewa mezani?"

"Ndiyo."

"Na utepe?"

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tupange foleni tumeshika sahani kama tuko kambini! Mwandike baba yako mdogo. Goti."

"Goti halihusiani na chakula, mama."

"Lake linahusiana."

Shangazi akacheka puani. "Kama ni hivyo, mimi kwenye presha niongezeeni na vidonda vya tumbo."

"Na mimi kisukari!" alisema Mama Siagi.

"Mama, nilikupima Jumapili. Huna."

"Jumapili nilikuwa nimepumzika."

Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Walipoinuka, wageni sitini na watatu kati ya themanini walikuwa wagonjwa, na wote kwa hiari ya familia zao. Uongo wangu ulikuwa umezama ndani ya uongo wao, hauonekani tena. Mtu mwingine angeshukuru akalala.

Lakini kati ya watu wote wa harusi ile, mmoja tu alikuwa anaweza kufa kweli. Na mimi peke yangu ndiye niliyejua yupo, na sikujua ni yupi.

Nikajikaza. Nikasema kwa sauti niliyoisikia mwenyewe, jambo ambalo kwangu ni kelele:

"Hakuna asiyekula karanga?"

Mama Siagi akanigeukia polepole.

"Asiyekula nini?"

"Karanga, mama."

"Karanga zangu zimesomesha watoto watano, binti. Mmoja huyu hapa, muuguzi. Asiyekula karanga zangu anafuata nini kwenye harusi ya mwanangu?" Akampiga Shangazi begani. "Mwulize huyu. Mpwa wake, mkwe wangu mimi, haondoki kwangu bila makopo mawili. Miaka miwili sasa! Ndipo nilipojua huyu ni wa kuoa kwangu."

Akamgeukia Mama Masufuria. "Mchuzi mkuu utakuwa wa karanga. Mzito."

"Utakuwa," alisema Mama Masufuria.

Walipoondoka nilimfuata bosi wangu kwenye sinki.

"Mama, nina jambo."

"Jambo lako linavuja damu?"

"Hapana."

"Basi linasubiri. Menya vitunguu."

Nikamenya vitunguu. Ni kazi nzuri kwa mtu anayetaka kulia bila kuulizwa.

Siku ya harusi nilifika jiko la ukumbini kabla ya wote. Mchuzi mkuu nilikuwa nimekabidhiwa mimi, na nilikuwa nimeshaamua: sitatia karanga hata moja.

Nilichemsha boga nikaliponda. Nikakaanga unga kidogo mpaka ukawa wa kahawia, nikauchanganya na boga, nikatia nyanya na vitunguu. Ukiutazama kutoka mlangoni, ulikuwa mchuzi wa karanga kabisa. Hata mimi niliyeupika nilianza kuuamini.

Saa nne asubuhi Mama Siagi akaingia. Amevaa gauni la harusi la mama mzazi, kilemba kimesimama kama jogoo, na chini ya kwapa kuna mfuko.

"Nimepita kuonja," alisema.

Akachota, akalamba. Akafumba macho, akayafumbua.

"Binti. Huu mchuzi karanga umezisikia tu kwa majirani."

"Ni... ziko kwa mbali, mama."

"Ziko mbali sana. Ziko nyumbani kwangu."

Akafungua mfuko. Makopo matatu. Aliyakomba yote ndani ya sufuria langu kwa mkono wake, akakoroga, akalamba tena, akatikisa kilemba kwa kuridhika, akaondoka. Nilibaki nimeshika upawa kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu stendi.

Harufu ikajaa jiko zima. Niseme kweli, ulikuwa mtamu.

Sherehe ilianza saa nane mchana, ukumbi wa feni sita ambazo mbili zilikuwa zinazunguka. Mama Masufuria akaniambia nitoe mchuzi mara supu ikiisha.

"Haujaiva, mama."

"Umekaa jikoni tangu alfajiri!"

"Ni mgumu."

Alinitazama kama daktari. "Dakika kumi. Zikipita, nakuja kuusaidia kuiva, na wewe nakusaidia kwenda nyumbani."

Dakika kumi. Watu themanini. Na mimi, ambaye nikiulizwa saa barabarani nabadilisha njia.

Nikachukua daftari, nikavuta pumzi, nikaingia ukumbini.

"Samahani, unakula karanga?"

"Ndiyo. Ziko wapi?"

Tiki. Meza inayofuata.

"Samahani, unakula karanga?"

"Nakula. Lakini mimi ni wa utepe wa bluu, usije ukanisahau."

Tiki.

"Unakula karanga?"

"Kwa nini, zimeisha?"

Tiki. Mjomba dereva mstaafu alinikazia macho.

"Sauti hii naijua. Wewe si uliyenipigia kunicheka nina njaa?"

"Karanga, mjomba?"

"Nazila! Nazila na maganda yake!"

Tiki. Shangazi mdomo ulikuwa umejaa, akatikisa kichwa kuwa ndiyo. Wapwa wake nao, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja nilimsikiliza sauti kama anayepima tikiti maji kwa kugonga. Hakuna yule wa taratibu. Wasichana watatu niliowaondolea nyama niliwakuta wamegombana na mhudumu kwa ajili ya nyama ya supu. Tiki, tiki, tiki.

Nilifika meza ya mwisho jasho linanitiririka mgongoni. Nikahesabu tiki zangu. Themanini. Nikahesabu tena. Themanini.

Hakuna hata mmoja asiyekula karanga.

Nilikaribia kucheka kwa furaha. Labda yule mtu hakuja! Labda alikuwa fundi bomba! Nikamwona Mama Masufuria akitoka jikoni na wenzake wawili, wamelibeba sufuria la mchuzi, na sikuwazuia.

Ndipo mshereheshaji aliposema kwenye kipaza sauti, "Na sasa, kabla hatujala, bwana harusi atatuambia maneno mawili."

Bwana harusi akasimama. Suruali ilikuwa imekubali. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Wageni wetu, wazazi wetu, shikamooni," alisema.

Sauti ya chini. Ya taratibu. Kama ya mtu aliyekaa karibu na mtoto aliyelala.

Daftari likaniponyoka.

Themanini ni wageni. Ukumbini walikuwa themanini na wawili! Bibi harusi alikuwa ameuliza matumbo ya watu wote mpaka jirani wa zamani, na mume wake mwenyewe hakumwandika. Nani humwuliza bwana harusi anakula nini? Makopo mawili kila akienda, miaka miwili. Sijui alikuwa anayatupa wapi.

"Kabla hajakaa!" Mama Siagi alikuwa amesimama, bakuli mkononi, linafuka moshi. "Mkwe wangu ndiye atafungua chakula leo. Na atalishwa na mkono uleule uliosaga!"

Makofi. Watu wakainua simu kupiga picha.

Nilimwona bwana harusi akilitazama bakuli. Rangi ilimtoka yote, akabaki na tai tu.

"Mama, nitakula baadaye."

"Baadaye lini? Fungua mdomo, mwanangu. Unaona haya na karanga zako mwenyewe?"

Ukumbi ukacheka. Bibi harusi naye akacheka, akampiga kiwiko. "Kula bwana, watu wana njaa."

Alikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu, "siwezi". Nilimwona analitafuta, mdomo unacheza. Na nikamwelewa kuliko mtu yeyote pale ndani. Angesema nini? Kwamba miaka miwili alikuwa anamdanganya mkwewe usoni, anashukuru, anabeba, anatupa? Mbele ya simu zote zile?

Nilidhani ugonjwa wangu ninao peke yangu. Kumbe alikuwa nao mwingine, amevaa suti, na wa kwake ulikuwa unamuua sasa hivi.

Akafumba macho. Akafungua mdomo, na kijiko cha Mama Siagi kikaanza safari.

Nilikimbia. Nilitaka kupiga kelele, nawaapia, lakini sauti haikuja; sauti yangu na mimi hatujawahi kuelewana. Nikaruka kamba ya mapambo, nikampita mshereheshaji, nikafika meza kuu kijiko kikiwa kimebakiza kama upana wa kidole.

Sikuwa na neno. Nilikuwa na mdomo.

Nikakila mimi.

Sijui kama mmewahi kusikia watu themanini wakinyamaza kwa pamoja. Zile feni mbili zilisikika kama helikopta. Nimeinama mbele ya bwana harusi, kijiko cha mkwewe kiko mdomoni mwangu, na mwenye kijiko bado amekishika.

"Wewe mtoto," alisema Mama Siagi, "una wazimu wa tangu lini?"

Nikameza. Na sauti ikaja, kwa kuchelewa kama kawaida yake, na ikaja karibu na kipaza sauti.

"Karanga zinamuua!"

Mama Masufuria, kule mlangoni, akakaa juu ya kreti la soda.

Bibi harusi hakupiga kelele. Ni muuguzi, amezoea habari mbaya. Alimtazama mumewe, akayaona yale macho, akajua ni kweli. Nilisubiri anishukuru.

"Nani kakwambia?" aliniuliza.

"Yeye."

"Lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Kwenye simu."

Nyuma kule mtu akaguna "mmh", na ile "mmh" ikatembea meza kwa meza mpaka ikafika mbele.

"Mimi niko naye miaka miwili," bibi harusi alisema taratibu. "Napima sukari za watu kutwa. Hajaniambia mimi. Wewe unayemenya vitunguu amekuambia kwenye simu."

"Mke wangu, huyu binti simjui!" alisema bwana harusi. "Sijawahi hata kumwona!"

Ilikuwa kweli tupu. Lakini hebu mseme ninyi, ni mwanamume gani hajawahi kuisema sentensi hiyo?

"Humjui," alisema Mama Siagi, "na amekula kijiko chako."

"Ndiyo maana!" Shangazi aliinuka. "Ndiyo maana siku ile alikuwa ananihoji! Nani alishika simu yako, shangazi, nani alishika simu yako! Kumbe alikuwa anamtafuta mtu wake!"

"Alipiga kwa shangazi, nikapokea mimi," bwana harusi alisema, jasho limemjaa kwenye kola. "Alikuwa anapiga za orodha yako. Za chakula. Nikaona nafasi, nikamwambia. Basi. Alikuwa anawapigia wageni wote!"

Bibi harusi akatulia. Nikaona bega lake likishuka kidogo.

"Wageni wote," alisema.

"Wote! Si wewe mwenyewe ulimtuma?"

"Kweli, nilimtuma." Akanigeukia, na uso ulikuwa umeanza kulainika. "Kweli. Uliwapigia wote themanini. Jamani, tusimwonee huyu mtoto wa watu. Lipo jambo rahisi la kulimaliza."

Akachukua kipaza sauti mkononi mwa mumewe.

"Ndugu wageni, samahanini kwa usumbufu. Kila aliyepigiwa simu na binti huyu kuulizwa chakula, naomba anyooshe mkono juu."

Mjomba dereva mstaafu alikuwa wa kwanza. "Mimi! Alinicheka!"

Yule jirani wa zamani akafuata, nusu mkono, kama mtu asiyetaka kushuhudia.

Bibi harusi akangoja. Watu wakaanza kutazamana. Mwalimu wa kwaya akamwuliza mwenzake kitu, mwenzake akatikisa kichwa. Wale wasichana watatu walikaa mikono mapajani. Shangazi alikunja mikono yake kifuani kwa makusudi, ili ionekane vizuri kwamba haijanyooka.

"Wengine?" aliuliza bibi harusi. "Msione haya."

Feni zikazunguka.

Aliihesabu ile mikono kwa kidole, wa kwanza, wa pili, na wageni themanini wakawa wameisha. Akashusha kipaza sauti, akamgeukia mumewe.

"Na wewe," alimwambia, "nyoosha wako."